Anawinda akiwa amefumba macho

Jumapili usiku

Platipasi, yule mnyama wa mito ya Australia mwenye mdomo kama wa bata, akizama majini hufunga macho, masikio na pua, vyote kwa pamoja, halafu ndipo anaanza kuwinda. Nilishalisoma hilo zamani. Lakini jana jioni nilikuwa na binti yangu ukingoni mwa mto Yarra, pale Warrandyte, nje kidogo ya Melbourne, tukamwona mwenyewe, na tangu hapo akili yangu haijatoka mtoni.

Yalitangulia mapovu madogo, mstari mzima ukisogea kinyume na mkondo. Kisha maji yakafanya duara, naye akaibuka katikati yake: mgongo bapa wa kahawia, mkia mpana nyuma. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Dume mzima hufika nusu mita hivi kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Alielea pale akitafuna, kichwa kikitikisika kidogo. Huko chini hukusanya mabuu ya wadudu, minyoo na kamba wadogo, akawasindilia mashavuni, kisha anakuja nao juu. Mtu mzima hana meno, kwa hiyo huwasaga kwa vibamba vigumu vilivyo kinywani. Alipomaliza akajikunja, akazama tena.

“Mama, sasa anapumua saa ngapi?” binti yangu akaniuliza.

Anapumua hapo hapo juu, mwanangu, katika hizo sekunde chache za kutafuna. Akishuka hukaa nusu dakika, pengine dakika nzima, kisha hana budi kurudi.

Kinachomwongoza huko chini ni ule mdomo wake, ambao si mgumu hata kidogo. Ni ngozi laini yenye vipokezi vya umeme vipatavyo 40,000. Kamba akichezesha mkia, misuli yake hutoa umeme hafifu mno, na platipasi anaunasa. Ndiyo maana hutembeza kichwa kushoto na kulia anapopekua chini ya mto. Matope hayamsumbui, wala giza.

Kwamba anataga mayai na bado ananyonyesha, wengi wanajua. Hana chuchu, maziwa huchuruzika kwenye manyoya ya tumbo na watoto wakayaramba. Dume ana mwiba wa sumu katika kila mguu wa nyuma, na maumivu yake hayatulizwi hata na mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Lakini kuna jambo katika historia yake linaloniuma. George Shaw, Mwingereza aliyemweleza kisayansi mwaka 1799, alipoiona ngozi yake alishuku kwamba kuna mtu ameunganisha viungo vya wanyama wawili. Baada ya hapo wataalamu wa Ulaya walibishana kwa zaidi ya miaka 80 kama kweli anataga. Wenyeji wa Australia, walioishi naye kwa maelfu ya miaka, walikuwa wakisema anataga, na hawakuaminiwa. Mwaka 1884 William Caldwell alikwenda mto Burnett, Queensland, akaajiri wenyeji hao hao wamtafutie wanyama, akampiga risasi jike aliyekuwa ametaga yai moja na la pili bado limo tumboni. Akapeleka simu ya maandishi kwa wanasayansi waliokuwa wamekutana Montreal, Kanada, na hapo likakubalika. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, kwa wenyeji na kwa wanyama waliouawa ili kuthibitisha neno lililokwisha kusemwa.

Siku hizi hawindwi tena kwa ajili ya manyoya, ila anapungua. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimweka mwaka 2016 kwenye kundi la wanaokaribia hatari ya kutoweka, na jimbo letu la Victoria likamtangaza kuwa hatarini mwaka 2021. Mabwawa yanakatiza mito yake. Ukame unamlazimisha kutembea nchi kavu, ambako mbweha wanamngoja. Kingo zikikatwa miti, udongo unamomonyoka na hapati pa kuchimba shimo la kulelea watoto.

Halafu kuna mitego ya kunasia wale kamba wa mtoni, iliyofungwa pande zote. Mlango wake ni kama wa dema la kwetu pwani: kuingia rahisi, njia ya kutokea haionekani. Kamba atakaa humo salama hadi mvuvi aje, kwani anapumulia majini. Platipasi anafuata wale kamba, anaingia, na baada ya dakika chache amekufa maji. Mtego mmoja umewahi kukutwa na maiti kadhaa. Victoria iliipiga marufuku Julai 2019, na laiti ingefanya hivyo miaka mingi kabla.

Kinachonigusa zaidi ni rababendi na mipira ya kufungia nywele. Mnyama anayepekua matope macho yamefumbwa haoni kipete kilicholala pale. Anapitisha mdomo, kinateleza hadi shingoni, mara nyingine kinapita hadi kwapani, na kila anapopiga mbizi kinazidi kukata, ngozi kwanza, kisha nyama. Leo mchana binti yangu alimwaga mipira yake yote mezani, akaitenga iliyolegea, akaikata mmoja mmoja kwa mkasi kabla ya kuitupa. Sikumwambia afanye hivyo.

Zipo pia habari za kutia moyo. Mwaka 2023 platipasi walirudishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Royal, kusini mwa Sydney, walikokuwa wametoweka kwa takriban nusu karne, na tangu hapo wamezaliana humo.

Hapa Melbourne watu wa kawaida hushiriki kumtafuta bila hata kumwona. Unavuta maji ya mto kwa bomba la sindano, unayasukuma kwenye kichujio kidogo, na maabara inapima kama yana vinasaba vyake, maana anaacha chembe za ngozi na kinyesi kila anapopita. Nimeandika jina langu. Nimeomba nipangiwe kijito kilicho nyuma ya mtaa wetu, kinachopita chini ya barabara kuu, na tutakwenda wote wawili.