Kinga ya kifaranga wa sato huanzia kwa mama

Kifaranga wa sato huanguliwa bila uwezo wa kujitengenezea kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea vya magonjwa. Anaishi kwa akiba ya mama: kingamwili aina ya IgM, zilizotoka kwenye damu yake na kuingia katika kiini wakati yai likikua ndani ya ovari. Ndiyo maana jike huchanjwa wiki kadhaa kabla ya kutaga. Mayai yakishakomaa, umechelewa.

Kisha mama huyalea mdomoni, na ute wake nao una kingamwili. Ukiyatoa mapema kuyapeleka kwenye chupa za kutotoleshea, unakata mgao huo wa pili.

Tazama kile kifuko cha njano tumboni mwa kifaranga: ndicho kiini kilichobaki. Kikiisha, akiba inapungua haraka na kinga yake mwenyewe bado changa. Hapo usirundike vifaranga, wala usiache chakula kioze majini.