Peugeot Nyeupe Chini ya Mzambarau

Baba alitolewa mtoto wa jicho la pili mapema mwaka 2006. Siku bandeji ilipofunguliwa alirudi nyumbani Kisauni, akashuka kwenye teksi, na badala ya kuingia ndani kupumzika akaelekea uani lilikoegeshwa gari lake. Akasimama mbele ya boneti, mkono kwenye paji la uso akikinga jua.

“Ndio weupe wake huu?” akauliza.

Ugonjwa ule hauleti ukungu tu. Hutia kila kitu umanjano, na kwa kuwa huja polepole, mgonjwa hatambui mpaka siku anapotibiwa. Kwa miaka Baba aliamini Peugeot 504 yake imezeeka ikawa rangi ya krimu, na sasa weupe wake wa kweli ulikuwa mbele yake. Furaha ile haikudumu. Macho yaliyomwonyesha weupe ndiyo yakamwonyesha na madoa, na madoa yalikuwa mengi kuliko tulivyokuwa tumemwambia.

Gari lilikuwa limelala chini ya mzambarau muda wote wa matibabu, na msimu wa zambarau ulipita juu yake. Tunda likiiva huanguka lenyewe, lakini hilo ndilo balaa dogo. Balaa kubwa ni popo wanaokuja usiku kula, na kunguru wanaoamkia pale alfajiri. Paa na boneti vilijaa michirizi ya zambarau na vinyesi vilivyokaukia juani. Upande wa kushoto, tawi la mwembe wa jirani lilikuwa limedondosha utomvu ukaganda matone matone. Vioo navyo vilikuwa na utando mweupe wa madoadoa, kwa sababu vijana wa mtaani walikuwa wakilimwagia gari maji ya kisima kisha wakaliacha likauke lenyewe. Ardhi yetu ya pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yamebeba chokaa. Maji yakikauka, chokaa hubaki.

Harusi ya dada yangu ilikuwa imekaribia. Baba alishasema tangu kabla ya upasuaji kwamba bibi harusi atapelekwa ukumbini na baba yake mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Kaka zangu wakashauri lipakwe rangi upya. Wakaleta mtu wa gereji, akalizunguka, akataja bei, na akaeleza jinsi atakavyolipiga msasa lote. Baba alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi langoni.

“Rangi ya kiwandani ikishatolewa hairudi,” alituambia alipokaa. Gari lile alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1983, na halijawahi kupakwa rangi nyingine. Alilipenda aina hiyo tangu 504 iliposhinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na ikashinda tena 1978. Kwake yeye, kulipiga msasa ni kulivua ngozi.

Basi akaniagiza nikamwite rafiki yake, fundi wa rangi aliyekwisha kustaafu. Mzee alikuja kesho yake asubuhi na mapema, na kikapu cha ukili mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza, “Mwanangu, una mfuko wa nailoni?” Siku hizo mifuko ile ilikuwa bado haijapigwa marufuku, ilijaa kila jikoni. Akauvaa mkononi mithili ya glavu, akapitisha vidole juu ya mlango tuliokwisha kuuosha, kisha akanivalisha mimi. Nilishangaa. Kwa kiganja kitupu mlango ulikuwa laini. Kwa nailoni nilisikia chembe tele, kila moja kwa nafasi yake, hata zile ambazo jicho halikuziona.

“Hayo yamekaa juu ya rangi,” akasema. “Hayo yatatoka. Pale ambapo husikii kitu na doa bado unaliona, limeshaingia ndani. Hilo ndilo la kulifikiria.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotuongoza kazi nzima. Mgongo wa mzee haukumruhusu kuinama, kwa hiyo yeye alikaa kwenye kibao chini ya kivuli akaelekeza, mikono ikawa yangu. Gari tulilisukuma kwanza likawa kwenye kivuli cha nyumba, maana bati la moto hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Na kila dawa ilijaribiwa chini ya mlango wa nyuma, mahali pasipoonekana, kabla ya kupanda juu.

Michirizi ya zambarau nilitaka kuianza na sabuni ya mche. Mzee akaniachia nijaribu mahali padogo ili nione. Lile doa likageuka bluu. Akaniambia nikamulie ndimu kwenye maji, nipitishe kitambaa pale pale, na doa likarudi wekundu, likaanza kulegea. Maji yale hayakukaa juu ya rangi hata kidogo zaidi ya lazima; nilisuuza papo hapo. Yaliyobaki yaliondoka kwa spiriti, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, na utomvu wa mwembe vilevile. Siri ya utomvu ni kutousugua. Unalaza pamba yenye spiriti juu ya tone, unangoja, unaliona linakuwa laini, kisha unaliokota. Ukisugua tone gumu unalikokota juu ya rangi na kuchora mistari.

Kwenye kingo za chini za milango palikuwa na lami, masalio ya safari za Malindi wakati barabara inatiwa viraka. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, lami ikayeyuka, kisha sabuni mara moja ili mafuta yasikae. Hiyo haikutusumbua.

Vioo vilitaka subira. Mzee alitoa kikapuni chupa ya siki, akaniambia nilowanishe vitambaa nivibandike juu ya kioo cha mbele, mbali na fremu zinazong’aa, kwa kuwa siki hufubaza baadhi ya madini. Nilipobandua nikaona vipovu vidogo sana pembeni mwa madoa: siki ilikuwa inakula chokaa. Tukarudia, na kila tuliporudia utando ulipungua. Pembe moja, pale waipa zisipofika, palikataa. Hapo akanipa nyuzi laini za chuma wanazotumia mafundi wa fanicha, zile za namba sifuri nne, laini kuliko zote. Akanionya zisiguse rangi wala kioo kikavu. Nikalowesha kioo kwa maji ya sabuni, nikasugua kwa uzito wa vidole tu, na pale mkono ulipokuwa ukikwamakwama ukaanza kuteleza. Kumalizia, tulisuuza kwa maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20 tuliyonunua kwa kazi hiyo, na nikafuta kila kioo kabla hakijakauka. Kusuuza kwa maji ya kisima kungekuwa kurudisha kile kile tulichokitoa.

Vinyesi vya ndege ndivyo vilivyoniumiza moyo. Nilivilainisha kwa taulo la maji vuguvugu, vikatoka bila taabu, na chini yake nikakuta alama zenye kingo, mviringo na mabonde, zimefuata umbo la kila kinyesi. Sehemu ile nyeupe ya kinyesi cha ndege ina asidi. Juani rangi hupata joto na kutanuka, ikipoa hunywea, na uchafu uliogandia juu yake huacha chapa. Nikavaa nailoni, nikapitisha mkono. Hakuna chembe. Yalikuwa yameingia ndani.

Mzee akainuka kwenye kibao chake kwa mara ya kwanza, akaja kuangalia mwenyewe. Akaomba fulana nyeusi ya pamba. Nikampa kuukuu ya kaka yangu. Akachukua kampaundi laini, dawa ya kusugulia rangi, kwa ncha ya kidole, akasugua alama moja kwa mistari iliyonyooka, mara chache tu, kisha akanigeuzia fulana. Ilikuwa nyeupe.

“Hiyo si uchafu,” akasema. “Ni rangi ya babako. Magari ya sasa yana klia, tabaka angavu, juu ya rangi, unakata klia, rangi inabaki. Hili halina. Kila unaposugua unaipunguza rangi yenyewe, na chini yake ni praima, rangi ya msingi. Ndiyo maana nimetaka kitambaa cheusi, nijue ninachokula.”

Tukaenda hivyo, alama baada ya alama, nikisugua kidogo na kutazama fulana. Nyingi zilififia hadi ukaulizwa zilikuwa wapi usiweze kuonyesha. Karibu na ukingo wa boneti, ambako rangi huwa nyembamba kwa asili, mbili zilibaki wazi. Nilitaka kuendelea. Mzee akanishika mkono.

Akamwita Baba. Akamweleza kama daktari anavyoeleza, bila kuficha: zikikatwa zaidi, huenda zikaondoka, huenda praima ikatokea, na ikitokea itabidi boneti ipakwe. Baba akainama, akazitazama kwa macho yake mapya, akapitisha kidole. Nilijua anavyozichukia. Nilidhani atasema tujaribu.

“Ziache,” akasema. “Anayetaka kuziona na azione. Boneti haipakwi.”

Nilifurahi kwa jibu lile kuliko nilivyofurahia vioo. Nilikuwa nimeifanya ile kazi mpaka mikono ikavimba, na nilikwisha kuipenda rangi ile kwa namna aliyoipenda yeye, kwa kuwa nilikuwa nimeiona kwenye fulana na kujua ni nyembamba kiasi gani. Tukaipaka nta jioni, bati likiwa limepoa. Gari likahamia upande wa pili wa ua, mbali na miti, na Baba akawa analifunika shuka kila usiku.

Siku ya harusi wakaja wasichana wa mapambo, wamebeba maua, riboni na selotepu ya kila upana. Mmoja alikwisha kukata kipande, amekiweka tayari kwenye ncha ya kidole, anaelekea boneti. Baba, amevaa kanzu na kofia ya vito, alitoka barazani mbio kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona tangu aanze kuugua.

“Gundi hapana, mwanangu! Funga kwenye vishikio. Funga kwenye vioo vya pembeni. Funga kwenye waipa. Gundi hapana!”

Wakafunga kwa mafundo. Maua ya boneti yakashikwa kwa riboni ndefu iliyopitishwa ndani ya grili na kurudi, na nilihakikisha mimi mwenyewe kwamba hakuna waya uliogusa rangi. Dada akapandishwa nyuma, mama na shangazi kila mmoja upande wake. Mimi nikakaa mbele. Baba akawasha gari, akapunga mkono kwa msafara uliokuwa nyuma yetu, tukatoka langoni kuelekea ukumbini, na njia nzima aliendesha akisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani tulichokipita.