Mtu wa pembeni

Katika kikundi chetu cha kupinga vita kuna kazi moja isiyo na sifa, na ndiyo yangu. Wenzangu husimama mstari mmoja kando ya barabara, saa nzima, kimya, wameshika mabango. Mimi sishiki bango wala sinyamazi. Nakaa hatua chache kutoka mwisho wa mstari, mikono mitupu, nikimngoja yeyote atakayesimama kutuuliza tumepatwa na wazimu gani.

Nilipewa kazi hii kwa sababu kunyamaza siwezi. Waliponiweka mstarini, kila mpita njia aliyetupa neno nilimrudishia lake. Mama anayetuongoza ana subira kuliko sisi wote tukijumlishwa, lakini hata yeye ilimwishia. Akanivuta kando: "Dada, wewe nenda pale pembeni, ukaongee mpaka uchoke." Sijachoka bado.

Huu mtindo wa kusimama kimya hatukuubuni sisi. Januari 1988, mwezi mmoja hivi baada ya intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina, kuanza, wanawake wachache wa Kiisraeli walianza kusimama Jerusalem kila Ijumaa, saa moja tu, wamevaa nguo nyeusi, wameshika bango lenye umbo la kiganja cha mkono, wakidai ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina ukome. Walitukanwa vibaya sana, tena na majirani zao. Mtindo ukasambaa. Tarehe 9 Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, nao wakajipanga barabarani kupinga vita vya serikali yao wenyewe, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa ni kuitwa msaliti mchana kweupe. Leo wanawake wa aina hiyo, Women in Black (Wanawake Wenye Nguo Nyeusi), wako katika nchi nyingi, na vikundi kama chetu, vyenye wanaume na wanawake, vimeazima namna yao bila kuazima jina.

Kimya kina faida yake. Anayekuja kutafuta ugomvi hapati wa kugombana naye, anaishia kupigia kelele kitambaa cha bango. Lakini anayekuja na swali la kweli naye anaondoka nalo vilevile, na huyo ndiye ninayemtaka.

Basi nieleze kazi yenyewe, maana wanaoanzisha vikundi huniuliza habari za mabango na vibali, lakini hili hawaulizi. Mtu akisimama, usimkabili uso kwa uso kama askari wa kizuizi cha barabarani. Simama ubavuni mwake, nyote wawili mtazame mstari, kama watu wanaongoja gari moja. Usizibe njia yake ya kuondoka. Akianza kupaza sauti, wewe shusha yako, kisha anza kutembea polepole ukizungumza. Tisa kati ya kumi watakufuata bila kujua. Lengo ni kumtoa mbele ya hadhira, kwa sababu mwanamume anayesikilizwa na watu hawezi kukubali hata kama anakubali. (Wanawake pia, lakini hao mara nyingi huja wenyewe pembeni.) Karatasi za kugawa zibaki mfukoni. Ukimpa mtu karatasi mapema umemwambia kwamba mazungumzo yamekwisha.

Swali langu la kwanza ni lilelile siku zote: "Una ndugu huko?" Huko popote. Mabango yetu yanataja Sudan, Gaza, Ukraine, Congo, kwa hiyo kila mtu huchagua huko kwake. Utashangaa ni wangapi wana ndugu huko.

Kuna bwana mmoja hupita mara kwa mara na huwa ana sentensi moja tu: "Nendeni mkawaambie walioanza!" Zamani wenzangu walimwona kero. Mimi namwona ana hoja. Aliyevamiwa akiambiwa "acha vita" na aliyevamia akiambiwa "acha vita" kwa sauti ileile, huyo wa kwanza ana haki ya kutukasirikia. Nimekaa naye, nimemsikiliza, na jibu la kumtosheleza sina. Ninachomwambia ni kwamba kupinga vita si kusema pande zote ni sawa, na kwamba mstari wetu wenyewe una watu wanaoamini hakuna risasi halali hata moja, na una askari mstaafu anayeamini zipo, ila anasema aliziona chache mno. Bwana huyo siku hizi akifika huwa anamuulizia yule mzee. Wanabishana kwa heshima, mimi nasikiliza. Bango hajashika, na sidhani atashika.

Ugomvi mkubwa zaidi tuliowahi kuwa nao ulitokana na mama mmoja ambaye ndugu zake walikuwa Goma, mashariki mwa Congo, wakati waasi wa M23 walipoingia mji ule Januari 2025. Alisimama kando yangu akahesabu mabango kwa kidole. Akaniuliza, taratibu kabisa: "Na letu liko wapi?" Congo ilikuwepo, lakini kwenye kadibodi ndogo, mwisho wa mstari, herufi nyembamba ambazo dereva hawezi kuzisoma. Gaza ilikuwa na kitambaa kizima. Nikamwambia nitalifikisha kwenye kikao, nikalifikisha, na kikao kikawaka moto. Wengine wakasema tunapaza sauti pale ambapo serikali kubwa zinapeleka silaha, kwa hiyo shinikizo lina maana. Wengine wakasema hiyo ni lugha nzuri ya kuficha kwamba tunafuata televisheni. Vita vya Sudan vimeanza tarehe 15 Aprili 2023, kati ya jeshi la nchi na RSF, kikosi cha wanamgambo wenye silaha, vimefukuza mamilioni ya watu makwao, na sisi tulichelewa kuviandikia bango. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Tulichoamua si kizuri sana lakini kinafanya kazi. Kitambaa kikubwa hakitaji nchi: SIMAMISHENI VITA, basi. Majina ya nchi yako kwenye mabango ya mkononi, yote ya ukubwa mmoja, na nafasi zake mstarini zinazunguka kila wiki. Hili la ukubwa mmoja lilikuwa sharti langu. Nilitaka pia maneno yasizidi matatu kwa bango, kwa sababu aliye ndani ya gari linalotembea hasomi zaidi ya hapo, nikashindwa. Bado lipo moja lenye aya nzima juu ya sheria za kimataifa. Mwenye nalo ni mwanasheria, tumemwachia.

Kuhusu kitambaa, kama mnashona chenu: kateni matundu ya nusu mwezi hapa na pale ili upepo upite. La sivyo mtakuwa mmeshona tanga, na walioshika ncha mbili watamaliza saa nzima wakipigana nalo.

Sasa lile swali ambalo kila mtu wa pembeni huulizwa: inasaidia nini? Mwenye kuuliza akiwa msomaji hunikumbusha tarehe 15 Februari 2003. Siku hiyo watu waliandamana katika mamia ya miji duniani kupinga uvamizi wa Iraq. London peke yake polisi walikadiria watu 750,000, waandaaji wakasema ni karibu milioni mbili. Roma walikuwa wengi zaidi. Na tarehe 20 Machi vita vikaanza kama vile hakuna aliyetoka nyumbani. Sina namna ya kulipamba hilo. Ukubwa wa umati haukutosha.

Lakini mwaka huohuo, Liberia, wanawake Wakristo na Waislamu waliokuwa wakiongozwa na Leymah Gbowee walikaa uwanjani karibu na soko la samaki la Monrovia, wamevaa fulana nyeupe, jua na mvua, wakidai vita vya wenyewe kwa wenyewe vikome, mahali ambapo msafara wa Rais Charles Taylor ulikuwa ukipita. Mazungumzo ya amani yalipokwama Accra walikwenda huko, wakakaa mbele ya mlango wa ukumbi, wakafungana mikono na kusema wajumbe hawatoki. Walinzi walipokuja kumkamata Gbowee, akaanza kuvua nguo, na walinzi wakarudi nyuma, kwa sababu hakuna mwanamume pale aliyetaka laana hiyo. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, alilazimika kuja kuzungumza nao. Mkataba ulitiwa saini tarehe 18 Agosti 2003. Sisemi wanawake hao peke yao ndio waliomaliza vita, maana waasi walikuwa wamefika jijini na Taylor alikuwa ameshajiuzulu. Nasema walijua mlango ni upi na nani yuko nyuma yake. Umati wa London ulikuwa unaongea na watu usioweza kuwafikia.

Mfano ninaoupenda zaidi una watu wachache kuliko hata hao. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilikuwa zikiuana, na mgawanyiko ukaingia hadi sokoni, mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kununua kwa wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wachache waliokuwa wa koo tofauti walianzia hapohapo. Walizungumza na wanawake wa sokoni, wakakubaliana soko liwe la wote, wakaweka watu wa kuliangalia kila siku na kuleta malalamiko yatatuliwe kabla hayajawa kisasi. Baada ya hapo wakaenda kwa wazee, na ujanja wao ninausimulia kila ninapopata nafasi: waliomba mzee wa ukoo mdogo kabisa awe mbele ya mazungumzo, kwa kuwa hakuna aliyeuogopa ukoo wake. Septemba 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al-Fatah, mapatano ya amani kati ya koo. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, na mwaka 2011 akafariki baada ya ajali ya gari. Hakuwa na umati. Alikuwa na orodha ya watu wa kwenda kuzungumza nao na hakuruka hata mmoja aliyemuudhi.

Ndiyo maana nikiona kikundi chenye mabango mazuri na hakina mtu wa pembeni huwa nawaona kama wamekuja kupigwa picha. Najua ni ukali. Picha nazo zina kazi yake.

Jambo linalotusumbua kwa sasa limeletwa na mama wa askari. Alitutazama kwa muda mrefu kutoka upande wa pili kabla ya kuvuka, na alipovuka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akaniambia kila tukisimama pale yeye husikia kwamba mwanawe ni muuaji. Nikamuuliza mwanawe anaitwa nani. Akanitajia, akanionyesha picha kwenye simu, kijana amekaa juu ya mkoba wake anakula, kofia ya chuma iko miguuni. Tukaongea mpaka mstari ulipovunjika na watu wakaanza kukunja kitambaa. Alipokuwa akiondoka alisema: "Mnasoma majina ya raia waliokufa. Someni na ya askari."

Kwa kawaida tunamaliza saa yetu kwa kusoma majina machache ya raia, sauti moja, bila hotuba. Ombi la huyu mama limetugawa kuliko lile la Goma. Dada mmoja aliyekimbia mabomu amesema wazi kwamba siku jina la askari litakaposomwa yeye hatakuwepo, na sina haki ya kumwambia amekosea. Mzee wetu mstaafu, ambaye nilidhani angeunga mkono, anapinga. Anasema askari wana gwaride na mizinga ya kuwaaga, raia wana sisi tu. Mama anayetuongoza ameomba tulale nalo hadi kikao kijacho.

Mimi nitapiga kura ya ndiyo, na nitapendekeza yasomwe siku tofauti, ili dada yule asilazimike kuchagua. Yule mama nimemwalika aje kikaoni aseme mwenyewe. Hajanijibu.