Saini Yangu na Faksi ya Mwaka 1865

Treni ya saa mbili asubuhi iliondoka Lyon imejaa watu wa kazini, kila mmoja na kahawa yake na kompyuta yake. Mimi nilikuwa na simu mkononi na hasira kifuani. Usiku benki yangu ya Dar es Salaam ilinijibu kwamba saini niliyowatumia kwa picha haifanani na ile niliyoiweka mwaka 1995, siku nilipofungua akaunti. Ni kweli haifanani. Mwaka 1995 nilikuwa kijana na saini yangu ilikuwa na mikia mitatu na kitu kama ua mwishoni. Ya leo ina mkia mmoja, nao umechoka.

"Baba, si uisaini kama ya zamani, nikupige picha tuwatumie?" akasema binti yangu, ambaye anasoma Lyon na ndiye aliyenikatia tiketi.

"Saini ni yangu. Nibadilishe ya nini?"

Akavaa visikilizio vyake. Nikageukia dirishani kutazama ng'ombe weupe wa Burgundy, wanono, wamelala kwenye majani kama hawadaiwi na mtu. Zaidi ya kilomita 400 kwa saa mbili. Nilikuwa bado naitunga kichwani barua ya kuwajibu benki nikaona watu wanashusha mabegi.

Paris ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba isiyokulowesha wala isiyokuacha mkavu. Mnara wa Eiffel tukauahirisha. Binti akasema kuna makumbusho ya mashine, tutakaa kwenye joto. Kituo chenyewe cha metro, Arts et Métiers, upande wa laini ya 11 kimevikwa shaba tupu, na ukutani kuna madirisha ya mviringo kama ya meli. Ukishuka pale unahisi umeingia tumboni mwa nyambizi.

Makumbusho yamo ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa, Saint-Martin-des-Champs, na sehemu yake ni kanisa la kale kabisa. Taasisi iliyoyazaa ilianzishwa mwaka 1794 kwa juhudi za padri Grégoire, yule yule aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Tulipita haraka kwenye mengi. Gari la mvuke la Cugnot la mwaka 1770, gogo kubwa la magurudumu matatu lililokusudiwa kuvuta mizinga. Mashine ya kujumlisha aliyoibuni kijana Pascal mwaka 1642 ili kumsaidia baba yake hesabu za kodi (kumbe kodi imewatesa watu tangu zamani). Juu ya ngazi kinaning'inia chombo cha kurukia cha Ader, kina mabawa kama ya popo.

Kisha nikafika mbele ya chuma kimoja kirefu kunishinda, chenye timazi zito la kuyumba katikati, kama saa ya ukutani ya majitu. Binti akanisomea kibao: pantelegrafu ya Caselli. Akasoma tena, akanigeukia.

"Baba, hii ni faksi."

Nikamwambia faksi naijua mimi. Mwaka 1993 nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Dar. Kazi yangu ilikuwa kubeba barua kwa baiskeli kutoka ofisi hadi ofisi, nikisainisha daftari. Siku moja ikaletwa mashine, ikafungiwa chumbani kwa bosi, na barua zikaandikwa kichwani neno jipya, "Nukushi", chini ya namba ya simu. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Haikuisha, kwa sababu karatasi yake ilitoka kwenye roli, ikijikunja kama ganda la mdalasini, na maandishi yalififia kwa joto la Dar baada ya miezi michache. Kwa hiyo kila faksi iliyoingia nilitumwa kwenda kuitolea fotokopi mtaa wa pili. Kwangu ile ndiyo ilikuwa teknolojia mpya kuliko zote duniani.

Na sasa naambiwa tarehe ya huduma ya chuma hiki: 1865. Bell alipata hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya simu ya kuongea mwaka 1876. Yaani watu walitumiana faksi miaka 11 kabla ya kuweza kusema "haloo". Tena wazo lenyewe ni la zamani zaidi, maana fundi saa wa Uskoti, Alexander Bain, mtoto wa mkulima mdogo, alilikatia hataza mwaka 1843.

Mashine ya Caselli ilifanya kazi hivi. Mtumaji aliandika kwa wino usiopitisha umeme juu ya karatasi nyembamba ya bati. Timazi likiyumba, lilivuta sindano ya chuma mstari kwa mstari juu ya maandishi. Sindano ikigusa bati, umeme unapita njia moja. Ikigusa wino, hali inabadilika. Upande wa pili sindano nyingine ilipita juu ya karatasi iliyoloweshwa kemikali, na umeme ulipoingia, karatasi ikageuka buluu mahali hapo. Ugumu wote ulikuwa kuyafanya matimazi mawili yaliyo miji tofauti yayumbe pamoja. Ndiyo maana naona haishangazi kwamba mwanzilishi alikuwa fundi saa.

Giovanni Caselli alikuwa padri wa Kiitalia, mzaliwa wa Siena. Mfalme Napoleon wa Tatu alikwenda kuitazama kazi yake mwaka 1860, na katika majaribio kati ya Paris na Amiens, kitu kilichorushwa kwenye waya kilikuwa saini ya Rossini, mtunzi wa muziki. Saini! Huduma ilipofunguliwa kwa umma, njia ya kwanza ilikuwa Paris hadi Lyon, ile ile tuliyotoka kuipita asubuhi. Na wateja wake wakubwa? Mabenki, yakitaka kuhakikisha kwamba saini ya mtu wa mbali ni yake kweli.

Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akanitazama.

Kilichonikaa zaidi ni jambo jingine. Telegrafu ya Morse, ile ya nukta na vistari kwenye waya, ilituma herufi, na ilitengenezwa kwa herufi za Kilatini. Hii ilituma picha, haijali umeandika nini. Mwaka ule wa 1865, enzi za Sultani Majid kule Unguja, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua ya Mswahili ingepita kwenye chuma hiki na nukta zake zote. Lakini waya wa baharini ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ulikuja na Morse. Pantelegrafu ilikuwa imeshazimwa. Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 viliikatiza, na haikurudi tena. Ilikuwa kubwa, ya polepole, na Morse ilikuwa inatosha shida za watu wengi. Kwangu mimi faksi ililala hadi alipokuja bosi wangu na chumba chake cha kufunga kwa ufunguo.

Tulipanda treni ya jioni kurudi. Binti alilala kabla hatujatoka mjini. Nikatoa tiketi ya makumbusho, nikaigeuza nyuma, nikaomba kalamu kwa mama mmoja jirani. Mkia wa kwanza ulikubali. Wa pili ulikwenda upande. Nikarudia chini yake, kisha chini yake tena, nikiighushi saini yangu mwenyewe ya mwaka 1995. Ya tano ndiyo ilitoka na ua.

Nikamgusa bega binti. "Mama, hebu piga picha hii."