Ukuta wa nyuma ndio unaowabadilishia nyimbo

Albamu ya nne ya bendi ya roki ikitoka imepoa kuliko ya kwanza, mashabiki husema wale vijana wamelewa hela, au wamezeeka. Huenda. Lakini kabla hujawalaumu, pima umbali kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma wa kumbi wanazopigia siku hizi.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye klabu ambayo ukuta uko mita 10, inagonga na kurudi ndani ya milisekunde 58 hivi. Ukuta ukiwa mita 50, inarudi baada ya milisekunde 290. Sasa chukua rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) ya kasi, mapigo 170 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo. Kila noti inapata milisekunde 88. Maana yake mwangwi wa noti ya kwanza unarudi jukwaani wakati mpiga gitaa ameshapiga nyingine tatu juu yake. Rifu iliyokuwa inakata kama wembe klabuni inakuwa mvumo mmoja mzito. Fundi mitambo anaweza kupunguza besi, lakini ukuta hawezi kuusogeza.

Bendi ikizunguka kumbi za namna hiyo mwaka mzima, hujifunza bila kufundishwa. Wimbo wenye nafasi kati ya noti unasikika, uliojaa unapotea, na safari inayofuata ya kutunga mikono inakwenda yenyewe kwenye ule unaosikika. Metallica walitoa …And Justice for All mwaka 1988, nyimbo ndefu zenye vipande vingi, ule uliobeba jina la albamu ukikaribia dakika 10. Albamu ya 1991 ikaja na nyimbo fupi, kasi ya wastani, rifu moja inabeba karibu wimbo wote. Wapo walioita usaliti. Mimi naona ni watu waliozipiga zile ndefu jukwaani hadi wakachoka nazo.

Kasi nayo ina visa vyake. Damu ikichemka, mpiga dramu hukimbia bila kujua. Wimbo uliorekodiwa kwa mapigo 120 unafika 126. Kwa kuimba si neno. Kwa gitaa lenye pedali ya dilei, yaani kifaa cha mguu kinachorudia kila noti baada ya muda uliopangwa, ni balaa. Ili mwangwi uangukie kwenye pigo, unagawa 60,000 kwa idadi ya mapigo: kwa 120 unapata milisekunde 500. Kwa 126 ilitakiwa 476. Marudio ya kwanza yanachelewa milisekunde 24, ya pili 48, ya tatu 72, na hapo kila mtu ukumbini anasikia kuna kitu kinayumba ingawa hajui ni nini. Dawa ni mbili: mpiga dramu awekewe metronomu (mlio unaogonga mapigo sawasawa) sikioni, au mpiga gitaa awe na pedali yenye swichi ya kugonga kasi kwa mguu. Ila kila dawa ina athari yake katika utunzi. Bendi iliyozoea metronomu huanza kutunga nyimbo zinazoenda sawa kama saa na kuongeza kinanda kilichorekodiwa, kwa kuwa sasa inawezekana. Iliyokataa hubaki na nyimbo zinazopumua, zinazopanda kasi kwenye kiitikio.

Koo ndilo linalodai zaidi. Noti ya juu kabisa ambayo mwimbaji aliipata studio mara moja, akiwa amelala vizuri, sasa anadaiwa usiku tano kwa wiki. Ndiyo sababu bendi nyingi hushusha magitaa nusu toni. Uzi mnene wa E unatoka hezi 82.4 kwenda 77.8, na mkazo wa nyuzi unapungua kama asilimia 11. Kwa nusu toni, seti ya nyuzi ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.010 bado inavumilika. Ukishusha toni nzima mkazo unapungua kama asilimia 21. Usipobadili, nyuzi zitagonga vyuma vya shingo ya gitaa, na ukipiga kwa nguvu noti inapanda kidogo kabla ya kutulia. Weka seti ya 0.011, mkazo unarudi karibu ulipokuwa. Kisha angalia kama shingo imepinda, na hakiki kama noti ya kila uzi iko sawa kwenye chuma cha 12. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, halafu wanashangaa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za juu zinasikika chachu. Na sauti ya bendi imeshabadilika: gitaa limekuwa zito zaidi, na mpiga besi analazimika kutafuta pa kukaa.

Nyimbo nyingi za ziarani huzaliwa wakati wa kupima vyombo, na hapo pana mtego. Ukumbi mtupu una mwangwi mrefu kuliko uliojaa watu, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti. Kodi moja iliyoachwa ilie inasikika kama mlima saa kumi jioni. Saa tatu usiku, ukumbi umejaa, ni kodi moja tu. Irekodi, ndiyo, ila isikilize tena ndani ya basi kabla ya kuishangilia. Maneno mara nyingi hukosekana kabisa wakati huo, maana mwimbaji anatunza koo. Yanakuja baadaye, na kama hayakuandikwa kabla ya ziara yatahusu hoteli na barabara. Wimbo mmoja wa hoteli unatosha.

Njia ninayoiamini zaidi ni kupeleka wimbo jukwaani kabla ya studio. Pink Floyd walianza kuipiga The Dark Side of the Moon mbele ya watu Januari 1972, ikatoka Machi 1973. Radiohead walizunguka mwaka 2006 na nyimbo nyingi zilizokuja kuwa In Rainbows mwaka 2007. Ukifanya hivyo, rekodi kila usiku moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, mashine inayochanganya sauti za vyombo. Baada ya maonyesho kumi, hesabu mapigo ya kila usiku. Kama usiku saba zimeangukia 131 hadi 133, kasi ya wimbo ndiyo hiyo, hata kama demo ilisema 124. Studio uishushe mapigo mawili hivi, maana msikilizaji wa nyumbani hana jasho la ukumbini. Halafu tafuta pale mpiga gitaa alipoacha kupiga baadhi ya noti bila kuambiwa na mtu. Usizirudishe.