DCF imekubali, kontroli haipandi tena

Kontroli imetulia jamani! (DCF ni rangi inayowaka kijani ikioksidishwa, naitumia kuona msongo wa oksidisho kwenye chachu.) Chachu ambazo hazijapewa haidrojeni peroksaidi zimebaki hafifu hadi picha ya mwisho, na zile za milimola 1 zimewaka kijani inavyotakiwa. Nina furaha isiyo kifani maana hii kitu imenitesa sana.

Kwa anayefuatilia mradi, shida ilikuwa kwamba kila nikirudi sehemu ileile ya slaidi naikuta imezidi kung'aa, hata kwa seli ambazo hazina msongo wowote. Nikapunguza rangi hadi maikromola 10, nikaosha zaidi, nikaachana na YPD, media ya kawaida ya kuoteshea chachu, kwa sababu inang'aa kijani yenyewe, nikahamia media ya sintetiki, kijani cha nyuma kikashuka kweli lakini kupanda kuko palepale. Inaudhi!

Kilichofichua siri ni kushuka kutoka lenzi ya 60 hadi ya 10. Katikati ya slaidi kuna duara la seli zinazowaka, limekatika vizuri kabisa pembeni, na nje ya duara zote hafifu. Ni palepale nilipokuwa natazama. Yaani mwanga wa bluu wa hadubini ndio unaoksidisha rangi, seli hazihusiki.

Sasa hivi natafuta fokasi kwa taa nyeupe ya kawaida, nafungua bluu kwa picha moja fupi tu, halafu nasogea na sirudi pale. Basi. Na maoni yangu kuhusu DCF ni kwamba inafaa kulinganisha makundi ya seli, lakini kuifuata seli moja kwa muda mrefu ni kujidanganya, hapo tumia roGFP2, protini inayong'aa ambayo seli inajitengenezea na mng'ao wake hubadilika ikioksidishwa, unapiga kwa mwanga wa nanomita 405 na 488 unachukua uwiano, kiasi cha protini hakikusumbui. Tena DCF haikuambii ni molekuli gani iliyoioksidisha, kwa hiyo ukiona mtu ameandika "kiwango cha peroksaidi" kwa DCF peke yake, muulize vizuri.

Upande wa vibonge vya protini natumia Hsp104, protini inayojishika kwenye vibonge, iliyounganishwa na mCherry inayong'aa nyekundu, maana GFP (protini inayong'aa kijani) na DCF zote kijani, hazikai chumba kimoja. Hii imenipendeza mno. Baada ya kupasha seli joto la nyuzi 42 vidoti vyekundu vinajitokeza, na kwa seli nyingi zinazochipua vimejaa kwa seli mama, chipukizi safi kabisa. Thomas Nyström na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba protini zilizoharibiwa na oksijeni hubaki kwa mama na kwamba protini iitwayo Sir2 inahitajika, ila kuona kitu kinachofanana kwa macho yako ni habari nyingine.

Nilipanga kuvunja seli kwa shanga za kioo, nizungushe kwenye sentrifuji nipime vibonge kwenye jeli, lakini hiyo imesubiri kwanza. Sasa nataka umri wa mama! Kalkofluori ni rangi inayopaka kwa bluu makovu ambayo kila chipukizi huacha kwa mama, unahesabu makovu unajua mama amezaa mara ngapi, halafu unaangalia kama wazee ndio wenye vibonge vingi na kijani kikali. Kasoro yake inahitaji mwanga wa zambarau, ambao siuamini kabisa karibu na DCF, kwa hiyo kijani inapigwa kwanza, nyekundu inafuata, makovu mwisho.