Nyimbo Zisizo na Fumbo

Katika sehemu 144 za Buffy the Vampire Slayer, tamthilia iliyoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, ipo moja ambayo wahusika wake wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni ya saba katika msimu wa sita, iitwayo "Once More, with Feeling". Nimeitazama tena wiki hii, na nimeona niandike kwa nini naiweka juu ya nyingine zote, kwa sababu ambayo mtu aliyekulia Tanga, katika harusi na taarabu za Ngamiani, huiona hata kabla hajaelezwa. Nyimbo za sehemu hii zinafanya kazi ileile ya taarabu, yaani kumpa mtu nafasi ya kulitoa lile ambalo mdomo wake umekatazwa kulisema. Kinachokosekana ni stara. Mwimbaji wa taarabu hulifunika jambo lake kwa fumbo na heshima yake ikabaki. Hawa wa kwenye tamthilia wanatolewa barazani bila hata kanga ya kujitupia.

Kwa asiyeijua hadithi, Buffy Summers ni msichana wa Sunnydale, mji wa kubuni katika jimbo la California, aliyeteuliwa na majaliwa kupambana na wanyonya damu, majini na kila kiovu kinachotoka gizani. Mwishoni mwa msimu wa tano anajitoa mhanga ili kumwokoa mdogo wake, Dawn, na anazikwa. Msimu wa sita unapoanza, rafiki zake, wakiongozwa na Willow, mchawi kijana ambaye uwezo wake umekwisha kuizidi busara yake, wanamfufua wakiamini kwamba roho yake imenaswa katika ulimwengu wa mateso. Hawajui kwamba wamemtoa mahali pa raha, alikokuwa ametulia na hadaiwi na mtu. Buffy anawashukuru, kwa kuwa ni nani atakayemwambia rafiki yake kwamba wema wake ndio uliomuumiza? Siri hiyo anamwambia mmoja tu, Spike, mnyonya damu aliyekuwa adui yake zamani. Ndipo inapofika sehemu hii, iliyorushwa na kituo cha UPN tarehe 6 Novemba 2001. Jini aitwaye Sweet anaingia mjini, na tangu hapo kila mwenye jambo moyoni analazimika kuliimba na kulicheza, na anayezidiwa anawaka moto na kuteketea palepale akiwa katikati ya mchezo.

Watu kuanza kuimba ghafla hakukunishangaza hata kidogo. Sisi tumelelewa na filamu za Kihindi. Wazee wetu walizifuata sinema ya Majestic, nasi tukazipata kwenye kanda za video na baadaye kwenye flashi. Katika filamu hizo shujaa akiingia bustanini ala zinaanza, wachezaji wanatokea kusikojulikana, na hakuna anayeuliza. Joss Whedon, ambaye aliiandika sehemu hii, akaiongoza na kuzitunga nyimbo zake mwenyewe, anawafanya wahusika waulize. Asubuhi wanapokutana dukani kwao wanaoneana haya, kila mmoja akisubiri mwenzake akiri kwanza kwamba jana usiku naye aliimba. Giles, mlezi na mwalimu wa Buffy, sasa anaelewa ilikotoka ile orkesta asiyoiona na kwa nini wahudumu wa hoteli walikuwa wakicheza kwa hatua moja. Anya, anayeishi na mchumba wake Xander, rafiki wa Buffy, analalamika kwamba alijihisi anatazamwa, kana kwamba nyumba yao ina kuta tatu na ule wa nne umeondolewa. Nilicheka sana, lakini mzaha huo una kazi yake: wimbo ukiwa ni tukio lenye chanzo, basi utakuwa na matokeo pia, na aliyeimba hawezi kuamka kesho akajifanya hakuimba.

Wimbo wa kwanza ndio ninaoupenda kuliko yote. Buffy yuko makaburini usiku, katika doria yake ya kila siku, anaimba kwamba siku hizi anafuata mazoea tu na hakuna kinachomgusa. Huku akiimba anapigana bila hata kumwangalia vizuri anayempiga. Anamfungua kijana mtanashati aliyefungwa kwenye mti, na kijana anapotaka kujua amlipe nini, anamjibu kwa neno moja la kutojali na kupita zake. Mwishoni anamchoma mnyonya damu kwa kigingi, kiumbe kile kinageuka vumbi, na vumbi linapotawanyika ndipo uso wa Buffy unapotokea nyuma yake, ukimeta, akiivuta sauti ya mwisho ya wimbo. Na neno analolivuta ni lile la kuwa hai. Niliisimamisha picha hapo. Nywele zimekaa, mwanga umekaa, tabasamu limekaa, na macho hayana mwenyewe. Nilimkumbuka marehemu Shakila Saidi, aliyevuma na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga, na wimbo wake wa "Macho Yanacheka". Anayeujua anajua unakoendelea, na hana haja ya kuelezwa zaidi hali ya Buffy katika msimu huu.

Tofauti iko katika namna jambo linavyomfikia anayehusika. Kwenye taarabu mwimbaji anaimba habari za ua, ndege au chombo baharini. Mwanamke anainuka kitini na noti yake mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, mwendo ni wa maringo, na anapofika usawa wa mtu fulani anapunguza hatua, ubeti nao ukawa umefika pale panapohusika. Ukumbi mzima umeelewa. Akiulizwa kesho, atajibu kwamba aliupenda wimbo tu, na hakuna wa kumshika. Fumbo linamlinda anayesema na anayeambiwa, kwa hiyo wote wawili wanaweza kurudi mtaani na kuendelea kusalimiana.

Sunnydale hakuna nafasi hiyo. Xander na Anya, ambao wamechumbiana, wanaamka asubuhi na kuanza kuimba kwa mtindo wa miaka ya 1930 kwamba yapo mambo ambayo kamwe hawatayasema, na katika kuapa huko wanayasema yote, kuanzia kukoroma hadi hofu kwamba ndoa yao haitadumu. Kisha wanatoka barabarani wakimlalamikia Giles kwa pamoja, kila mmoja akitaka ulimwengu ujue kwamba ni wimbo uliosema, si yeye. Anayeitazama mara ya kwanza asikose kuangalia nyuma yao, maana wapo wafagia barabara wanaocheza na mifagio yao kwa bidii kubwa, na yupo mwanamke anayemwimbia askari wa usalama barabarani amsamehe faini ya kuegesha gari. Mtu mwingine mapema anaimba kwa furaha kubwa kwamba doa la haradali limetoka kwenye nguo yake. Hao wenye shida ndogo waliniburudisha kweli, kwa sababu jini halichagui: mwenye doa anaimba doa, mwenye msiba anaimba msiba.

Wimbo mmoja tu ndio wenye fumbo, nao umepewa mtu asiyelijua. Tara, mpenzi wa Willow, anamwimbia bustanini kwamba penzi lake limemroga. Ni wimbo mtamu, na Amber Benson ana sauti laini isiyotumia nguvu. Sisi watazamaji tunajua kwamba Willow amemroga kweli, kwa dawa ya kumsahaulisha ugomvi wao wa siku chache nyuma. Tara anagundua baadaye katika sehemu hiyohiyo, kwa neno dogo linalomtoka Dawn bila kukusudia, na ubeti uleule unarudi ukiwa umegeuka uchungu. Nimesikia mipasho mingi, ila sijapata kusikia mtu akijipasha mwenyewe bila kujua.

Halafu kuna Giles, ambaye ameona kwamba kijana wake hatasimama mwenyewe maadamu yeye yupo wa kumwegemeza. Anaimba hayo katika chumba cha mazoezi, Buffy akiwa mbele yake anarusha mateke na ngumi, na picha inakwenda polepole kwake huku Giles akienda kwa kasi ya kawaida. Anaimba yote, uamuzi wake, aibu yake, mapenzi yake ya mlezi. Wimbo unakwisha, Buffy anageuka na kumuuliza kama alisema kitu. Anthony Stewart Head alikuwa mzoefu wa michezo ya jukwaani yenye nyimbo, na inaonekana, kwa sababu hapazi sauti mahali ambapo mwimbaji wa kawaida angepaza.

Siri kubwa inatoka Bronze, ukumbi wa burudani wa mjini. Jini amemchukua Dawn akitaka kumfanya malkia wake, Buffy anakwenda kumkomboa na kujitoa badala yake, na anapoanza kucheza, wimbo unaanza kama onyesho la furaha lenye miguso yote ya furaha. Katikati yake, akiwa amewageukia rafiki zake, anawaambia kwamba hakukuwa na mateso huko alikokuwa, kwamba wao ndio waliomtoa peponi. Kamera inamwendea Willow. Alyson Hannigan hakutaka kuimba sana katika sehemu hii na alipewa mistari michache, lakini uso wake katika sekunde hizo umebeba zaidi ya nyimbo za wengine. Buffy anazidi kucheza kwa kasi, moshi unaanza kumtoka mwilini, na anayemshika kumzuia ni Spike, ambaye hamwahidi raha yoyote ila kwamba maisha ndiyo haya na hana budi kuyaishi. Dawn anamrudishia maneno ambayo Buffy mwenyewe alimwachia kabla ya kufa, kwamba jambo gumu kuliko yote duniani ni kuishi humo.

Sehemu hii niliitazama pamoja na shangazi yangu, ambaye Kiingereza si chake lakini ngoma za pepo amezihudhuria tangu utotoni, na nilimweleza hadithi kadiri ilivyokwenda. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Huyu kaitwa na nani? Mwanangu, jini haji kwa watu bila mwito." Nilimwambia inaonekana ni Dawn, kwa kuwa amevaa kidani cha jini. Akatikisa kichwa, "Huyo mtoto kaokota tu." Alimsifu jini kwa kuwa alijitaja na kueleza dai lake, kwa sababu kwenye kupunga pepo hilo ndilo linalotakiwa: ngoma inapigwa hadi pepo apande kwenye kiti chake, yaani mgonjwa, aseme ni nani na anataka nini, kama ni chano, kitambaa au ushanga, kisha apewe na mgonjwa apumzike. Kilichomkera ni kwamba hapa ngoma ni ya jini mwenyewe na mgonjwa ndiye anayesemeshwa. "Sasa nani anampunga nani?" aliuliza, na sijasikia uchambuzi mzuri zaidi ya huo.

Jini mwenyewe ameigizwa na Hinton Battle, mshindi wa tuzo tatu za Tony, zinazotolewa kwa michezo ya jukwaani ya Broadway huko New York, na miguu yake inaeleza kwa nini. Wengine wengi si waimbaji kwa kazi, na sauti zao zinayumba hapa na pale. Yupo rafiki yangu anayehesabu hilo kuwa kasoro. Mimi naona kwamba mtu anayelazimishwa kutoa siri yake hawezi kuwa na sauti ya studio, na kama Sarah Michelle Gellar angeimba kwa ufundi zaidi, ule wimbo wa makaburini ungekuwa wa kujionyesha.

Kasoro ninayoiona iko kwingine. Mwishoni inabainika kwamba aliyemwita jini ni Xander, akitaka kujua kama mambo yake na Anya yatakwenda vizuri, na shangazi akapiga kofi pajani kwa kupatia. Watu wameteketea kwa ajili ya wasiwasi wa bwana harusi, na hakuna anayemuuliza kitu. Jini anamsamehe kwa kichekesho, na kesi imekwisha. Tamthilia inayomdai Willow kila senti kwa uchawi wake ilipaswa kumdai na huyu.

Jini anaondoka akiwacheka, siri zote zikiwa mezani, na wanabaki wameshikana mikono wakiimba kwamba hawajui sasa waelekee wapi, kisha mikono inaachana mmoja baada ya mwingine. Buffy anamfuata Spike nje na wanabusiana, muziki unapaa, pazia linafungwa kama la jukwaani. Anayependa kufungwa huko kwa raha asisimame hapo, na anayekwenda kukopi sizoni hii dukani ahakikishe amepewa na sehemu ya nane. Humo Willow, baada ya kusikia alichokifanya, anajaribu kuwasahaulisha Buffy na Tara kwa uchawi uleule, na kabla haijaisha Tara amefungasha vitu vyake na Giles yuko ndani ya ndege kurudi Uingereza.